Kijiko cha Mzee Hamadi

Kwa jina la Mola aliyeumba maradhi akayaumbia dawa, aliyenyoosha njia akawapa waja miguu ya kuzipita. Na rehema zimshukie Mtume wake, aliyetufunza kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali.

Baada ya hayo, watu wa habari hii ni wanne. Wa kwanza ni Mzee Hamadi, fundi cherehani wa mtaa wa Nyamugari, Gitega, mgane asiyeoa tena. Wa pili ni Husni, bintiye wa pekee, mwenye miaka ishirini na minne, aliyeandamwa na kifafa tangu ana mitano. Wa tatu ni jirani yao Klara, Mkristo aliyekulia Tanzania akarejea, mwuza maharage aendaye kuyanunua Gashoho, upande wa Muyinga, kila juma. Wa nne ni Bashizi, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Kivu, ambaye ulimi wake haujui mapumziko.

Husni alihifadhi Kurani akiwa na miaka kumi na saba, na wapita njia husimama chini ya dirisha wakimsikiliza. Waliomwona akianguka waliambiwa na baba yake kuwa ni kizunguzungu. Hamadi hakumwonea haya mwanawe. Aliwaogopa watu, kwani aliwahi kumwona mtoto wa jirani mwenye maradhi hayo akitengewa sahani na kikombe. Kwa hiyo aliuficha ugonjwa wa bintiye, na kila alipotoka naye alichukua mfukoni mwa kanzu kijiko cha chuma, cha kumtia kati ya meno.

Ikaja barua kutoka Muyinga. Wanawake wa madrasa moja walimwomba Husni akawafundishe tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, mwezi mzima. Hamadi aliisoma mara tatu, kifua kimemjaa fahari. Mara ya nne akaikunja.

"Nani atakuwa na kijiko huko?" akauliza.

"Njoo uone kwanza, baba."

Mkekani Husni alikuwa amepanga vidonge vya siku arobaini kwa safari ya siku thelathini, nusu mkobani na nusu sandukuni, ili mzigo mmoja ukipotea mwingine ubaki. Palikuwa na barua ya daktari yenye jina la dawa na kipimo chake, kadi yenye namba ya simu ya baba, na saa ya mkononi iliyotegwa kulia asubuhi na jioni. Hamadi aliyakagua yote kama akaguavyo mshono, akitafuta uzi uliolegea. Hakuuona.

"Vyema," akasema. "Basi usiku wa kuamkia safari nitawaita majirani. Tutakusomea Yasini mpaka alfajiri, kisha upande gari."

"Ukinikesheza, baba, utakuwa umeniangusha wewe. Usingizi ni nusu ya dawa yangu. Tusome baada ya Alasiri."

"Watu watauliza sababu."

"Waulize. Nitawajibu mimi."

Siku ilipofika, ua ulijaa. Dua ilipokwisha, Husni alisimama mbele yao.

"Jamaa zangu, mlichoambiwa kuwa ni kizunguzungu ni kifafa. Hakiambukizi kwa mate wala kwa kikombe. Kesho nasafiri na Mama Klara, nami nataka ajue la kufanya."

Klara akachomoa mwiko kutoka ndani ya kitenge chake. "Mimi nimeshajiandaa, mwanangu. Huu wa kukubania meno."

Bashizi akaangua kicheko. "Eh, Mama Klara! We unaenda kusindikiza mutu ao kusonga bugali? Mwiko ile iko kubwa, hata kinywa ya mamba haiwezi!"

"Nyamaza, Bashizi. Wewe utamsaidia kwa kitu gani?" akauliza Klara.

"Mi? Mi niko na mbio tu. Akianguka, mutanikuta mbali kule Itaba."

Ua mzima ukacheka, na Husni pia. "Mwiko hatuuhitaji," akasema. "Nitawaonyesha. Namtaka mtu mmoja alale hapa mkekani awe mgonjwa."

Hakuna aliyejongea. Waliutazama mkeka kana kwamba maradhi yamekaa juu yake. Bashizi aliangalia viatu vyake. Ukuta wa siri aliojenga Hamadi kwa miaka kumi na tisa, bintiye ameubomoa kwa pumzi moja. Akasimama. Mzee akavua kofia yake, akampa Bashizi aishike, akajilaza chini mbele ya mtaa mzima.

"Mimi hapa," akasema. "Baba wa mwenye kifafa."

Alipojilaza, kijiko kiliteleza mfukoni kikagonga jiwe. Husni akakiokota, akakitazama kitambo. Kisha akafunua midomo, akaonyesha jino la mbele lililomeguka pembe.

"Mlidhani lilivunjika kwa kuanguka. Hili lilivunjwa na chuma."

Hamadi akainua kichwa. "Chuma hicho?"

"Hiki, baba."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Nilipozinduka ulikuwa unalia. Nikaona jino moja si kitu."

Mzee akarudisha kichwa mkekani. Husni akamgeuza ubavu taratibu, akamwekea kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, huku akimweleza Klara: usimkandamize, usimtie chochote kinywani, ondoa kila kinachoweza kumuumiza, tazama saa, dakika tano zikipita, mpeleke kituo cha afya. Klara akajaribu mara mbili, akihema.

"Mzee iko mzito," akasema Bashizi, akivua viatu. "Wacha mi nilale."

Hamadi akaketi pembeni, kofia imerudi kichwani. Alimtazama bintiye akielekeza mikono ya watu wazima, nao wakimtii, akawa amejua kwa nini Muyinga wamemwita.

Asubuhi Husni aliamka akiwa amelala saa nane nzima. Baba alimkorogea chai kwa kijiko kile kile. Binti akameza kidonge, wakatazamana, wakacheka. Kwenye kituo cha mabasi Klara alikwisha kushika viti viwili, mikono mitupu, bila mwiko. Alisema atamfikisha Husni Muyinga kwanza, ndipo arudi Gashoho kwa maharage yake.

Hamadi alifungua kinywa amwombee msafiri, lakini msafiri alimtangulia, viganja vimeinuliwa:

"Baba, nakuweka amana kwa Mwenyezi Mungu, ambaye kwake amana haipotei. Ewe Mola, wahifadhi tunaowaacha nyuma. Watoe hofu, wape usingizi mwema, wasitengane kwa sahani wala kwa kikombe, na Nyamugari yote uifunike kwa rehema zako. Amina."