Pikapu ya Kufugia Kuku

Tulipomaliza kumzika mume wangu Mwanzia, shemeji yangu Erastus aliitisha kikao cha boma akagawa vitu kana kwamba alivinunua yeye. Ng'ombe akawapeleka kwake. Pampu ya maji akasema itatumiwa na wote, na tangu siku hiyo sijaiona tena. Ilipofika zamu ya pikapu akacheka. Ilikuwa imekaa nyuma ya choo tangu Mwanzia aanze kuugua, na fundi aliyeitwa kuiangalia alikuwa ameshasema injini imekufa.

"Hiyo ni chuma tu, shemeji," Erastus akasema mbele ya watu wote. "Kaa nayo. Utafugia kuku."

Watu wakacheka, na mimi nikasema asante. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto, lakini nilijua ninachokitaka. Hapa Kola nalima nyanya kando ya mto, na kila msimu madalali huja na magari yao shambani kunitajia bei wanayotaka wao. Ukikataa wanageuza gari na kwenda zao, nyanya zikuozee mikononi. Mwenye gari lake anapeleka Machakos mwenyewe na kutaja bei yake mwenyewe. Nilitaka hilo tu, sikutaka ng'ombe wa mtu.

Nikaanza kwa kufungua rejeta. Maji ndani yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa, na nadhani hapo ndipo fundi alipokata tamaa. Mimi nikachomoa pia kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa ya kawaida, nyeusi, haina tone la maji. Kwenye video za simu nikampata mzungu mmoja mwenye karakana safi kuliko jiko langu, akaonyesha kwamba oili ikiingia kwenye maji, na maji yasiingie kwenye oili, usiizike injini kwanza, angalia kipoza oili. Hicho ni kipande cha chuma ubavuni mwa injini. Oili ya moto inapita humo kwa njia yake na maji kwa njia yake, na maji ndiyo yanayoipoza. Raba zake zikizeeka, njia hizo mbili zinakutana.

Nilimwaga maji, nikamwaga oili, nikafungua boliti moja moja huku mgongo ukinilaani. Erastus alipita siku hiyo akitoka shambani.

"Kuku wanataga?" akauliza.

"Bado wanajenga, shemeji," nikamjibu kutoka chini ya gari.

Kilipotoka, kipoza kilikuwa kimejaa uchafu mweusi hadi matundu hayaonekani. Nilikilaza ndani ya karai la mafuta taa, nikakisugua kwa mswaki mkuukuu, nikakiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kisha nikarudia tena hadi maji yakatoka jinsi yalivyoingia. Nikapanda bodaboda hadi kwa mtu wa pancha, akakipuliza kwa kompresa. Tuliziba matundu kwa vipande vya tyubu, tukakizamisha kwenye maji na kukijaza upepo. Hakikutoa hata povu. Chuma kilikuwa kizima. Kilichokufa ni raba peke yake, ngumu kama kwato. Nilisimama pale nikicheka peke yangu hadi mtu wa pancha akaniuliza kama niko sawa.

Raba mpya nilizipata Machakos. Nikaosha rejeta na mabomba yake kwa sabuni hadi ile chai ikaisha, nikarudisha kipoza, nikakaza boliti kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, jinsi yule mzungu alivyosema. Nikatia maji safi, oili mpya na betri ya kuazima. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikawaka. Niliiacha ikinguruma hadi ikapata moto, nikaizima ikapoa, ndipo nikafungua rejeta. Maji yalikuwa maji. Nililia, sioni haya kusema.

Erastus alikuja jioni hiyo hiyo. Alizunguka gari, akainama kuchungulia chini, akapiga boneti kofi.

"Mungu ni mwema," akasema, akaenda zake. Ningejua, ningetoka na hilo gari usiku huo.

Lakini kwetu gari halianzi kazi bila kuombewa, na, niseme ukweli, nilitaka wale waliocheka waone. Jumapili nikaliendesha hadi kanisani. Baada ya ibada watu wote wakatoka, akina mama wakapiga vigelegele, tukalizunguka. Mchungaji akasema kwa kuwa gari ni la boma la mzee wa kanisa, basi mzee Erastus atuongoze. Tukafumba macho.

"Baba," Erastus akaanza kwa ile sauti yake ya Jumapili, "tunakushukuru kwa gari ya ndugu yangu marehemu, yenye umefufua na ukarudisha kwa boma yetu. Bariki huyu mama mwenye ulitumia kuichunga. Na sasa tunaweka kijana wangu Levi kwa mikono yako, dereva mwenye umechagua, abebe mizigo ya boma na ya kanisa bila ajali. Na wote waseme Amina."

Nilikuwa nimefumbua macho katikati ya maombi, peke yangu. Ningefanya nini? Nimkatize mtu akiongea na Mungu? Kanisa zima likasema Amina, na mdomo wangu, uliozoea tangu utotoni, ukasema pamoja nao.

Watu wakanipa mikono. Mchungaji akaniambia nimebarikiwa kuwa na shemeji wa namna ile. Levi akanijia, mkono tayari umenyooshwa.

"Auntie, sasa. Daddy amesema uniachie funguo."

Kucha zangu zilikuwa bado nyeusi. Nilitazama wale mama waliopiga vigelegele, na kila mmoja alikuwa ametosheka. Shamba ninalolima bado ni la boma, na anayesema kwenye boma ni Erastus. Nikampa mtoto wake funguo. Nikamwambia kila asubuhi, kabla ya kuwasha, aangalie maji.

"Maji inawekwanga wapi?" akaniuliza.