Thenkyuu ya Asegelile

Tusajigwe alikigonga chungu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kikalia kama kengele, hakina ufa. Akakitenga na vingine.

"Hiki hakiuzwi," akawatangazia wafinyanzi wenzake wa soko la Lyulilo, ufukweni mwa ziwa. "Ni cha mwenyekiti wa timu. Mwanangu kapewa thenkyuu!"

Vigelegele! Asegelile, aliyesimama nyuma ya vyungu akiuegemea mguu wa kushoto, alitamani ziwa limmeze.

Kosa lilikuwa lake. Juzi mama alipomuuliza mbona karudi na mabegi yote, alijibu kwa lugha ya vijiweni: "Timu imenipa thenkyuu." Mjini kila shabiki anajua maana yake: umeachwa, fungasha. Klabu hubandika picha yako mtandaoni, chini wakaandika thenkyuu, kazi imekwisha. Lakini mama hakuwa na mtandao. Alikuwa na ndaga, asante ya kwao, na alimpa kila aliyenunua chungu, hata yule aliyembana bei mpaka mama akakaribia kulia. Kwake yeye asante ilikuwa asante.

Misimu tisa, jamani! Beki wa kulia, panda shuka, panda shuka, goti likidungwa sindano za ganzi ili Jumapili asikosekane. Mashabiki walimwita Trekta. Na siku ya kumtema hakuna aliyempigia hata simu. Picha yake aliionea kwa kinyozi, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. Iliuma, na bado inauma.

"Mama, kirudishe kwenye vya kuuza."

"Nikirudishe kwa nini? Watu wamekushukuru, nasi tukae kimya kama tusio na malezi?"

"Ile thenkyuu ni ya kufukuzia, mama. Wameniacha. Goti limekwisha."

Veronika, jirani yao wa vyungu, alikuwa na kigelegele kingine mdomoni. Akakimeza.

Tusajigwe alimtazama mwanawe usoni, kisha akashusha macho taratibu hadi kwenye goti, lililovimba ndani ya suruali. Siku tatu alikuwa amemwona akisimama kwa mguu mmoja, akadhani ni maringo ya mjini.

"Miaka tisa," alisema. "Wamekufukuza kwa asante?"

"Ndiyo, mama."

"Yaani hata neno la kufukuza wamekunyima."

Mama akakiinua chungu cha mwenyekiti kwa mikono miwili, akakiweka katikati ya vile vya kuuza.

Mchuuzi mmoja kutoka upande wa Malawi, suruali bado imelowa kwa kushuka mtumbwini, akakichagua hicho hicho. Akakigonga, akaridhika, akalipa bila kubishana. Kisha akasimama na chungu chake kifuani, akisubiri, maana Lyulilo hakuna mteja anayeondoka kabla ya kuambiwa ndaga.

Tusajigwe alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga, akainama, akaendelea kupanga vyungu vilivyobaki.