Kumuuliza Baba Mkwe

"Kamuulize tena!"

"Nimeshamuuliza, wifi. Anasema hajampa mtoto kitu kibaya."

"Sikukutuma uulize kibaya. Nataka kujua kilichokuwa kwenye ule uji."

Tusekile alibetua midomo. "Basi ingia umuulize mwenyewe, wewe mwenye diploma."

Alijua siwezi. Mimi mke wa Kinyakyusa, na kwa mila yetu mke haongei na baba mkwe. Miaka kumi na miwili sijasema na baba mkwe wangu wala kumtazama usoni. Akipita, najificha nyuma ya nyumba. Maneno yetu hupitia kwa wifi, na wifi hufikisha anayoyapenda.

Binti yangu Goodness, uboho wa mifupa yake uligoma kutengeneza damu. Anaishi kwa saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili isiushambulie uboho huo. Ikipungua, damu inakwisha. Ikizidi, inaua figo. Likizo alikaa wiki tatu hapa Chimala kwa babu yake. Amerudi Mbeya mikono inatetemeka, na kipimo kinaonyesha dawa imejaa kwenye damu, wakati vidonge ni vilevile. Yuko wodini na baba yake. Ukimuuliza alikula nini, anasema, "Uji wa babu."

Saa sita daktari anapanga upya vidonge. Akipunguza bila kujua kilichoipandisha dawa, kitu hicho kikishatoka mwilini, itashuka mno na uboho utashambuliwa tena.

"Karatasi ya hospitali niliyokupa, yenye makatazo, ulimsomea mzee?"

Tusekile akatazama pembeni. "Ningeanzia wapi? Mke wa mtoto wake anampangia cha kumlisha mjukuu?"

"Kwa hiyo ukaificha."

"Nilimheshimu baba yangu. Wewe huwezi kuelewa."

Nilitazama simu. Saa tano na dakika arobaini.

Nikaingia sebuleni. Mzee Jailos aliniona, akageukia ukutani haraka. Nyuma yangu Tusekile alipiga yowe kama nimechoma nyumba.

"Baba, kwenye uji wa Goodness ulitia nini?"

Nikauliza tena, kwa sauti.

Aliujibu ukuta. "Balungi. Moja zima, kila asubuhi. Ndimu ziliisha. Mtoto alikuwa anatapika, nikaona uchachu utamtuliza."

Balungi lilikuwa la kwanza kwenye ile karatasi: huipandisha saiklosporini kwenye damu.

Nilimpigia daktari palepale, nimesimama mbele ya baba mkwe wangu, kichwa wazi, bila kujifunika.