Aulo Amgeuza Mtumwa Wake

Mzee Aulo alikuwa ameahidi kumwacha huru mtumwa wake Hilaro siku ya kwanza ya mwezi. Angemshika bega mbele ya hakimu, amgeuze mara moja, amwachilie. Huko Roma uhuru hupatikana hivyo. Kwa utovu wa adabu usio na kifani, mzee akafa siku tatu kabla.

"Baba aliahidi mengi," alisema mwanawe Numerio. "Mimi aliniahidi farasi."

"Bwana mdogo, aliniambia ukiwapo."

"Masikio yangu mabovu. Leo mazishini utavaa kinyago cha sura yake. Mwigize vizuri, watu wacheke. Ukitaja ahadi, kesho uko machimboni."

Basi Hilaro akavaa sura ya nta ya bwana wake na kutembea mbele ya jeneza, pamoja na waigizaji sita waliovaa sura za mababu wa ukoo. Hakuna aliyewaogopa. Mazishi ya wakubwa ndivyo yalivyo, na babu mmoja alikuwa akilalamika kwamba nta inamchoma pua.

Uwanjani maiti iliinuliwa ili watu waione. Mababu wakaketi, Numerio akahutubia, Hilaro akachechemea na kukohoa kama mzee.

"Mzee, huko kuzimu kuna mvinyo?" muuza nyama mmoja alimtania.

"Upo, ila uliowekewa wewe umejaa maji."

Watu wakacheka. Hilaro akamtazama hakimu mstari wa mbele. Alikuwa ameamua kusema, machimbo au si machimbo. Akapiga hatua moja kumwelekea.

Ndipo mkono ukamshika bega kutoka nyuma, baridi kama jiwe la kisimani, ukinuka manukato ya maiti. Ukamgeuza taratibu, duara zima. Ukamwachilia.

"Huyu ni mtu huru," ilisema sauti ya Aulo, na midomo ya Hilaro ilikuwa imefumbwa.

Watu walipiga makofi kwa uigizaji huo. Hakimu hakupiga. Alikuwa ameona kitambaa begani kikibonyea alama za vidole vitano.

"Numerio, unapinga?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Numerio alikuwa akiitazama maiti. Mkono wa kulia wa baba yake, uliofungwa ndani ya sanda asubuhi, sasa ulining'inia nje.

"Sipingi, mheshimiwa."

Hakimu akamgusa Hilaro kwa fimbo yake ya kuachilia watumwa, ikawa halali.

Sasa, mtu aliyeachwa huru hudaiwa heshima: kila alfajiri aende mlangoni kwa aliyemwachilia, amsalimu. Kesho yake Hilaro akalala hadi jua likachomoza, kama mtu huru, kisha akaenda kwenye kaburi la Aulo kando ya barabara. Akainama mbele ya mlango wa jiwe, akijiona mjinga.

"Shikamoo, bwana."

"Umechelewa," jiwe likajibu.

Akaomba radhi, akasimama pale hadi aliporuhusiwa kuondoka. Jua lilikuwa utosini.