Sala ya Kitufe Kimoja

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi ilinyunya mvua ya kudanganya, isiyolowesha hata kamba ya nguo.

Fundi Bomba alikuwa amepiga magoti tangu alfajiri, na magoti hayo hayo ndiyo yaliyompeleka shule ya jioni. Miaka thelathini ya kutambaa chini ya masinki ilikuwa imeyamaliza, akaona heri ajifunze kutengeneza tovuti, kazi ya kukaa kitini. Jioni hiyo ilikuwa ya mwisho: asiyeonyesha ukurasa unaofunguka angerudia mwaka mzima.

Ukurasa wake ulihitaji kitufe kimoja tu, cha wateja kumwita. Mwalimu alikuwa amewaonyesha seti ya programu ya kuanzia, ya bure, iliyotengenezwa na watu wasiojuana na kuwekwa mtandaoni kila mtu ajichukulie. Wenzake waliichukua wakaendelea na safari. Yeye alifungua orodha ya vilivyomo, akakuta vifurushi, yaani vipande vidogo vya programu, elfu moja mia moja na kumi na mbili, kila kimoja jasho la mtu. Akaona si haki kutumia zawadi kabla ya kumwombea mtoaji, mmoja mmoja.

Mkewe alitaka kujua kama hata kile kifurushi ambacho kazi yake yote ni kutambua namba witiri nacho kinaombewa. Fundi akamjibu kwamba hicho kimeombewa mara mbili, kwa kuwa kile kinachotambua namba shufwa kinakitegemea, kinaishi kwa kukiuliza.

Aliingia darasani amebakiza mia nne na arobaini, na saa moja tu ya somo. Mwalimu, binti wa rika la kitindamimba wake, alimsihi abonyeze kwanza ukurasa ufunguke, ataomba baadaye. Fundi akasema chakula huombewa kikiwa mezani, si kikishafika tumboni.

"Mzee wangu, utazeekea hapa," akasema dereva wa teksi wa dawati la nyuma. "Tugawie. Tuko kumi na mmoja, nipe arobaini zangu."

Darasa zima likainamisha vichwa. Dereva alipewa waliotengeneza kivuli cha kitufe. Muuguzi aliangukiwa na waliozungusha kona zake, akalia kwa kwikwi, mwenyewe hajui kwa nini. Zikiwa zimebaki dakika sita, kompyuta ikatangaza kuwa seti imesasishwa, vimeongezeka vifurushi tisa.

Mwalimu akashusha pumzi, akavua miwani, akapiga goti. "Hao tisa niachieni mimi."

Fundi akabonyeza. Ukurasa ukafunguka: mweupe pe, na kitufe cha bluu katikati. Mwalimu akaandika "amefaulu" akiwa bado sakafuni.

Fundi akainuka kwa kushikilia meza, akawageukia wote.

"Ninyi ni mashahidi wangu," akasema. "Kabla mwaka huu haujaisha nitatengeneza kifurushi kimoja, nikitoe bure. Na hakitategemea cha mtu mwingine yeyote, ili atakayekitumia apige goti mara moja tu."