Mizunguko Kumi na Minne

Kitendawili: mtoto wangu hana mdomo, kutwa nzima anataja jina lake, na ukimwita haitiki.

Jirani yangu Pelagia alisema kasuku. Nikamwambia kasuku ana mdomo tena mkali, nipe mji. Akanipa Musoma yote pamoja na Buhare yetu, nikaipokea, nikamwonyesha kiboksi cha bati kilichokuwa juu ya kabati, kikubwa kama kopo la kahawa. Ni hicho.

Kile kiboksi kilikuwa cha mume wangu, Renatus, ambaye mimi namwita Baba Samwel. Ni redio ya kurusha mawimbi, lakini haitoi maneno wala muziki. Inapiga nukta na vistari tu, na hizo nukta na vistari ni herufi za jina la hewani alilopewa kwenye leseni yake. Inajitaja, inanyamaza kidogo, inajitaja tena. Mtu aliye mbali akiisikia, anajua kwamba saa hiyo njia ya mawimbi kutoka kwetu mpaka kwake iko wazi. Kazi yake imeishia hapo. Nguvu yake haizidi ya balbu ya tochi, na Baba Samwel anasemaga raha iko hapo hapo, maana kupiga kelele kila mtu anaweza, kazi ni kunong'ona Buhare ukasikika Kisorya.

Wenyewe wanaiita bikoni. Pelagia aliposikia kwamba Mzee Renatus anataka kuweka bikoni nyumbani, alikuja na kanga imefungwa vibaya kuuliza kama wapima viwanja wamerudi, kwa sababu bikoni ya mwisho anayoijua yeye ilipandwa katikati ya migomba yake.

Sasa niseme jinsi tulivyofika hapo.

Baba Samwel alikuwaga fundi redio mjini miaka thelathini na nane. Halafu mikono ikaanza kutetemeka, macho yakaingia ukungu, na nyuma ya hayo kukaja kusahau. Siku moja nilimtuma sato sokoni, akarudi na gunia la mkaa, akaniambia ndicho nilichomtuma. Siku nyingine alimwita Samwel, mtoto wetu wa kwanza, kwa jina la kaka yangu aliyekwisha kufariki. Daktari alisema ni umri, tuendelee kuangalia. Lakini siku alipoacha chuma chake cha kuchomea nyaya kwa risasi kikiwaka juu ya meza, kikala kitambaa cha meza na ukingo wa meza yenyewe, Samwel akaja kutoka Bunda na maneno aliyoyaandaa njiani. Baba aache ufundi. Vyombo vyake yeye Samwel atakuja kuvichukua, na sisi wenyewe tuhamie kwake Bunda, chumba kipo.

Samwel si mtoto mbaya. Alisema yale macho yakiwa chini.

Baba yake akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kitu kimoja. Atengeneze bikoni moja. Rafiki yake Clementi, ambaye alifanya kazi kwenye kivuko cha Kisorya mpaka akastaafu, ana redio nzuri ya kupokelea. Clementi akiisikia kutoka Kisorya, vyombo vinabaki na sisi tunabaki. Asipoisikia mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Samwel aje na gari na hakuna atakayebishana. Samwel akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu aliiona ile mikono.

Hesabu alikuwa nazo Baba Samwel, kwenye daftari lake. Mikono nilikuwa nayo mimi. Nimeishia darasa la saba na umeme niliujua kwa kuwasha na kuzima, lakini nimesuka vikapu tangu utoto kwetu Butiama, na vidole vyangu havijaanza kunikana. Basi tukakaa mezani, yeye anasoma daftari, mimi nashika chuma. Nilichoma kidole gumba mara mbili na kidole cha kati sijui mara ngapi. Alikuwa ananifundisha kwa utani. Akasema, mwanafunzi wangu wa kwanza dukani alikuwa mvulana wa Guta, na yeye alijichoma, ila yeye hakunitazama kama amenipikia ugali nikaukataa.

Siku ya kuzungusha waya ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Kuna pete mbili nyekundu za unga wa chuma, ndogo kuliko pete yangu ya ndoa. Waya wa shaba mwembamba unaupitisha ndani ya tundu, unauzungusha nje, unaurudisha ndani, mpaka pete imevaa. Pete hizo ndizo zinazochuja mawimbi kabla hayajapanda kwenye antena, yale machafu yabaki na yale safi yapite. Baba Samwel akapiga hesabu, akaniambia mizunguko kumi na minne kila pete. Nikazungusha. Wakati nazungusha nikamtegea.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nimempitia mlangoni mara kumi na nne na bado sijaingia kwake."

Akafikiri kwa muda mrefu, macho kwenye dari, na jibu lilikuwa mikononi mwangu. Akashindwa. Nikamwambia anipe mji.

"Chukua Bunda," akasema. "Mimi siitaki."

Tulicheka wote, ingawa kila mmoja alijua mwenzake anacheka nini.

Antena ilikuwa waya mrefu kutoka kwenye paa mpaka mti wa mjohoro. Betri tuliiazima kwenye pikipiki ya kijana wa Pelagia. Jumatatu asubuhi tukawasha. Nikampigia simu Clementi, nikamwambia atege sikio. Baada ya nusu saa akapiga, akasema anasikia upepo tu. Jumanne upepo. Jumatano Clementi akasema labda hiyo redio ya Renatus imeokoka, inasali moyoni. Baba Samwel hakucheka. Akaniambia nichukue balbu ya tochi niiguse kabla ya zile pete. Ikawaka vizuri. Niiguse baada ya pete. Ikawa nyekundu kama sigara inayozimika.

"Tatizo liko kwenye pete," akasema. "Ulizungusha ngapi, Mama Samwel?"

"Kumi na minne."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Na sikumdanganya.

Akarudi kwenye daftari. Akapiga hesabu upya, ikaleta kumi na nne. Alhamisi akaipiga kwa njia nyingine, ikaleta kumi na nne. Mchana ule hakula. Ijumaa akaniomba nimsomee namba kwa sauti ili asikie kama kuna aliyoiruka, nikamsomea mpaka koo likakauka, ikaleta kumi na nne. Ndipo akafunga daftari, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayefunga macho ya marehemu.

"Hesabu ikikataa, anayehesabu ndiye mbovu," akasema. "Kichwa kimekwisha, Mama Samwel. Nilikuwa nasingizia mikono."

Akaanza kupanga vyombo vyake kwenye masanduku yeye mwenyewe, kila kimoja akikishika kwanza kabla ya kukiweka. Nilitamani angevitupa kwa hasira, ningejua pa kuanzia.

Jumamosi Samwel akafika saa mbili asubuhi na pikapu ya kuazima. Chai hakunywa, alisema atakunywa baadaye, akaanza kubeba masanduku kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajaonekana. Baba yake alikaa ndani kwenye kigoda, mgongo kwa mlango.

Pelagia naye alichagua saa hiyo hiyo kuja kuchukua kikapu chake. Alikuwa ameagiza kikapu cha katani cha mizunguko ishirini, cha kupelekea zawadi kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Nikampa pale barazani bila maneno mengi. Yeye hana haraka hata nyumba ikiungua. Akakigeuza, akakipiga piga tako, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Mbona ishirini na miwili?" akasema. "Unaniongezea halafu uniseme kwa majirani?"

Nikamwambia ni ishirini. Akahesabu tena, akaanzia katikati kabisa, ishirini na miwili. Nikamwambia, Pelagia, wewe umehesabu kitovu na mdomo. Kwetu hatuhesabuga hivyo. Marehemu mama alinifundisha kwamba mzunguko wa kwanza ni kitovu, na wa mwisho ni mdomo, na hivyo viwili mtoto anazaliwa navyo, hahesabiwi navyo. Unaanza kuhesabu tumbo.

Nilisema hivyo, na mdomo ukabaki wazi.

Pelagia akaniuliza kama ni presha. Nikamwacha na kikapu chake. Nikaenda kwenye kabati, nikashusha kiboksi, nikavaa miwani, nikachukua sindano ya kushonea na kwenda nacho dirishani. Nikaigusa ile pete ya kwanza waya kwa waya. Kumi na sita. Nikasema labda nimeruka, nikarudia kutoka upande wa pili. Kumi na sita. Pete ya pili, kumi na sita.

Kwa muda mdogo, na hili nalisema kwa aibu, niliwaza kutoa ile miwili miwili kimya kimya, nichomelee, niwashe, niseme imejirekebisha. Mwalimu hapendi kuona mwanafunzi amemwaibisha, nami sipendi kuchekwa. Kisha nikamwona Baba Samwel mgongoni, shingo ilivyopungua kwenye kola ya shati. Redio ikipona kwa siri, yeye angebaki mgonjwa.

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya kigoda chake.

"Baba Samwel, nimekukosea. Pete zina mizunguko kumi na sita."

"Ulisema kumi na minne."

"Nilihesabu kama kikapu. Kitovu na mdomo niliviacha."

Nje nilisikia Samwel akivuta kamba juu ya masanduku. Baba Samwel akanyoosha mkono, nikampa daftari, akalishika bila kulifungua.

"Kwa hiyo hili lilikuwa sahihi."

"Lilikuwa sahihi."

"Sema tena, Matrida."

Jina langu hajaliitaga tangu tumepata Samwel. Nikasema tena, lilikuwa sahihi tangu Jumatatu, na Alhamisi, na jana. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Samwel akaingia mbio na kamba mkononi kuuliza baba ana nini.

"Mama yako," akasema akijipangusa macho, "amenisukia redio."

Chuma cha kuchomea kilikuwa kwenye sanduku la chini kabisa, juu ya pikapu. Samwel akasema tungoje afungue taratibu. Mimi nilikuwa nimeshapanda, na gauni langu la kanisani. Nikakipata, nikashuka nacho, Pelagia akinishikilia kiuno na kusema kwamba nikianguka yeye hayumo. Baba Samwel akakaa mezani pembeni yangu. Nikatoa mizunguko miwili kwenye kila pete, safari hii yeye akihesabu kwa sauti na mimi nikihesabu kwa sauti, kuanzia kitovu, kama watoto wa chekechea. Nikachomelea. Nikagusa balbu baada ya pete. Ikawaka mpaka Samwel akasogea kuitazama.

Clementi alikuwa mwaloni, kwenye soko la samaki, akinunua dagaa. Akalalamika kwamba tumengoja mpaka afike kwenye bei nzuri ndipo tumkumbuke, lakini akarudi nyumbani kwake. Tukasubiri. Samwel alisimama mlangoni na funguo za gari. Nilimwona anazizungusha kidoleni, halafu akaacha.

Simu ikalia. Nikaifungua sauti ya nje, nikampa Baba Samwel. Clementi aliisogeza tu simu yake kwenye spika ya redio, na sisi wengine tukasikia mbali sana, chini ya sauti ya mvumo, kitu kama kifaranga ndani ya yai. Baba Samwel alifumba macho. Mkono wake ukatafuta kalamu, ukaandika kwenye daftari herufi moja moja, zimepinda pinda kwa kutetemeka, na hakuruka hata moja. Lilikuwa jina lake.

Baadaye sauti ya Clementi ikaingia, akasema, "Renatus, nimeshakujua, mwambie huyo bikoni wako apumzike sasa, ameshajitaja mara arobaini."

Samwel hakusema alikosea, na baba yake hakumdai aseme. Alikwenda nje akafungua ile kamba. Akawa analeta masanduku moja moja, anasimama katikati ya chumba na kuuliza, baba, hili linakaa wapi. La waya, kwenye rafu ya juu. La vipimo, chini ya dirisha, mbali na maji. La vipuri vya zamani, nyuma ya mlango. Baba Samwel alijibu bila kugeuka, akiwa bado ameshika ile simu iliyokwisha kukatika, na kila alipotaja ndipo hasa vilipokuwaga.

Sanduku la mwisho lilikuwa la koleo na bisibisi. Akasema liwekwe chini ya kitanda, mahali pake pa siku zote.

Chini ya kitanda hapajawahi kukaa sanduku. Pana viatu vyangu na sufuria za wageni. Samwel akanitazama, macho yake yakiniuliza, nami nikaona ile hofu aliyokuja nayo kutoka Bunda inataka kurudi.

"Baba yako amesema chini ya kitanda," nikamwambia.

Nikatangulia chumbani, nikainama, nikaanza kutoa viatu.