Ncha ya Moyo wa Daktari Zurita

Limbert Aguayo hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa, goti lilimcheza. Akisimama, vidole vilitafuta kitu cha kubofya. Na tangu mwezi uliopita hali hiyo ilikuwa imemzidi, kwa sababu mwezi huo ndipo alipoandika kwamba ndani ya moyo wa muuza viatu mmoja wa soko la La Cancha mlikuwa na bonge la damu iliyoganda. Muuza viatu akalazwa. Ndugu zake wakashuka kutoka milimani na mablanketi yao, vilio vikiwa tayari kooni. Daktari Zurita, mwalimu wake, aliporudi kutoka safarini akazitazama picha zile mara moja tu, akasema hapakuwa na bonge lolote. Ni damu iliyokuwa ikipita polepole, ikamdanganya mtazamaji. Mgonjwa akarudi kwenye viatu vyake. Limbert, mwembamba kama ufito, akabaki na jina: Daktari Bonge.

Alikuwa akisomea ubingwa wa radiolojia katika hospitali moja ya Cochabamba, na zamu yake ilikuwa imefika kwenye picha za moyo. Mapafu humngoja mpiga picha, na ini humngoja, lakini moyo haumngoji mtu. Lazima uudake kati ya pigo na pigo, mgonjwa akiwa amezuia pumzi, uukate kwa urefu wake na kwa upana wake, halafu usome ukuta gani unasinyaa na upi umelegea. Limbert aliona yeye na moyo wanafanana tabia, na labda ndiyo maana hawakupatana.

Mwalimu wao, Daktari Nelva Zurita, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi alizozikata karibu na kichwa. Hakuwahi kumpigia mtu kelele. Ukali wake ulikuwa katika kungoja: alikuuliza swali, akakunja mikono, akangoja. Limbert angependa kutukanwa kuliko kungojwa vile. Kila siku aliwaambia wanafunzi wake wafike mpaka kwenye ncha ya moyo, kule chini kabisa, kwa sababu macho ya mvivu huishia katikati.

Asubuhi hiyo madereva wa malori walikuwa wamefunga barabara. Kila daraja lilikuwa na mawe na matairi yanayoungua, na wagonjwa wenye miadi hawakuja hata mmoja. Kwa Daktari Zurita, mashine ya sumaku iliyolala bure ilikuwa sawa na chakula kinachotupwa. Akasema leo watajifunza kwa miili yao wenyewe.

Rosmery Ichazo, aliyekuwa mwaka wa mwisho, alikuwa mjamzito, kwa hiyo akapewa kiti cha kompyuta. Limbert akaingizwa ndani ya mashine. Mzee Fanor, fundi, alimwambia kwa kipaza sauti avute pumzi, aitoe, asipumue. Limbert akakohoa. Aliporudia, pua ikamwasha. Picha zikatoka zimevurugika kama maji yaliyotupiwa jiwe.

"Mtoeni huyo," Daktari Zurita akasema. "Nitalala mwenyewe. Nyinyi mnipige picha, halafu mnisomee."

Akavua saa, hereni na mkanda, akavaa gauni la wagonjwa, akapanda kitandani bila kusaidiwa. Mzee Fanor akambandika nyaya kifuani. Kabla ya kuingizwa ndani akamwagiza Limbert aongoze kazi, na Rosmery asimsaidie mpaka akwame.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Limbert alisimama nyuma ya Rosmery akimwelekeza wapi akate, na mwalimu alizuia pumzi kama mtu aliyezaliwa ndani ya mashine ile. Kwenye kioo moyo wake ulijitokeza, mweusi na mweupe, ukijikunja na kujikunjua. Rosmery akatania kwamba sasa wana ushahidi, mama huyu ana moyo kama watu wengine. Mzee Fanor akacheka, akaangalia mlango. Alikuwa anafikiria namna ya kuvuka vizuizi kwa miguu kabla jua halijawa kali.

Kisha Limbert akafika kwenye ncha.

Ukuta wa moyo ulipaswa kusinyaa mpaka chini kabisa, kama ngumi inayofumbwa. Hapa vidole vya mwisho havikufumba. Ncha ilikuwa imetuna kidogo, nyembamba, na kila pigo lilipokuja ilisukumwa nje badala ya kuvutwa ndani. Na ndani ya huo mfuko mdogo palikuwa na kivuli kilichogandamana na ukuta.

Goti likaanza kumcheza. Akaomba picha irudiwe. Ikarudiwa, na kivuli kikawa pale pale. Akaomba ikatwe kwa upana, kivuli kikafifia mpaka akakitilia shaka.

"Rosmery, unaona nini hapo?"

Rosmery akasogeza uso kwenye kioo, kisha akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Sioni kitu. Damu inazunguka polepole. Achana nayo, Bonge, usijitafutie balaa. Yule ni mwalimu wako."

"Na huko kutuna?"

"Labda tumekata vibaya. Tumalize, mzee Fanor anataka kwenda."

Huenda Rosmery alisema kweli. Limbert alimkumbuka mke wa muuza viatu, alivyokuwa amepiga magoti kwenye korido akisali kwa Kikechua, na alivyomtazama alipoambiwa kuwa ni makosa. Hakukasirika, alichoka tu. Limbert akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Akashika kalamu, akaiweka. Njia pekee ya kujua ilikuwa kumchoma mwalimu dawa ya mshipani inayong'arisha picha, nayo humchomi mtu bila kumwambia sababu. Na Daktari Zurita mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba mtu hapewi habari mbaya akiwa amelazwa ndani ya shimo la mashine.

Sauti yake ikatoka kwenye spika. "Mmelala huko?"

Limbert akabonyeza kitufe. "Daktari, samahani. Naomba ruhusa tukuchome dawa ya kung'arisha."

"Ya nini? Hili ni zoezi."

"Kuna mahali sijaridhika napo. Ukitaka tukutoe kwanza, tuongee."

"Nimeshalala hapa. Mahali gani?"

Rosmery alikuwa amefumba macho.

"Kwenye ncha," Limbert akasema.

Mwalimu akangoja, kama kawaida yake. Lakini pembeni ya kioo palikuwa na mstari wa mapigo uliokuwa ukitoka kwenye zile nyaya, na Limbert akauona ukibadilika. Mapigo yaliyokuwa yanatembea yakaanza kukimbia. Akaelewa kwamba mwanamke yule anaogopa, na kwamba hofu ile haikuanza leo.

"Imefanyaje?"

"Imetuna. Na ndani yake naona kama kuna kitu."

"Kitu, au damu inayozubaa?"

"Sijui, Daktari. Ndiyo maana naomba dawa."

Mapigo yaliendelea kukimbia. Hatimaye spika ikasema, kwa sauti ndogo, "Fanor, nichome."

Dawa ilipofika moyoni, damu yote iling'aa, ila sehemu moja. Kwenye ncha palibaki doa jeusi, mviringo, lenye ukingo uliokatika vizuri. Halikuwa damu inayozubaa. Picha za baadaye zikaonyesha kovu jeupe likizunguka ukuta wa pale chini. Mzee Fanor alivua kofia, kisha akaona haya, akaivaa tena.

Daktari Zurita alitoka, akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo na gauni lake la mgonjwa, miguu mitupu. Akataka asomewe kama walivyopatana. Limbert alisoma: mwanamke wa makamo, ncha imetuna, kovu la namna ambayo ugonjwa wa Chagas huacha, bonge la damu lililoganda ndani.

"Na hatari yake?"

"Likikatika linaweza kupanda kichwani."

"Litaje jina lake."

"Kiharusi, Daktari."

Ndipo akawaeleza, akiwa bado anatazama kioo. Alizaliwa Aiquile, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, na usiku vinchuka, wale wadudu wanyonya damu wanaoeneza Chagas, walishuka kutoka darini na kuwauma watoto usoni. Kaka yake alianguka shambani akiwa kijana, hakuinuka. Yeye alipimwa damu alipokuwa mwanafunzi, akaambiwa anao ugonjwa huo, ambao hukaa mwilini miaka mingi ukiula moyo polepole. Tangu hapo alisoma mioyo ya nusu ya bonde zima, ila wake hakuugusa.

"Basi leo kwa nini ulilala?" Rosmery akauliza, machozi yakimtoka.

"Nilijiambia hamtafika kwenye ncha," akajibu. Kisha akaongeza, "Au nilitaka mfike. Sijui, binti yangu."

Akasimama, akavaa nguo zake, akasema atamwona daktari wa moyo barabara zikifunguliwa. Akachukua koti. Limbert akaingia kati yake na mlango.

"Nipishe, Aguayo."

"Hutoki, Daktari. Mgonjwa mwingine usingemruhusu."

"Umekuwa mkubwa wangu lini?"

"Sijawa. Nifukuze kesho ukitaka. Leo unalazwa."

Walitazamana. Mwalimu alikuwa anamfikia kifuani tu, lakini Limbert alilazimika kushika fremu ya mlango ili asimpishe. Mwishowe Daktari Zurita akaliachia koti juu ya kiti na kukunja mkono wa blauzi. Rosmery akampigia simu daktari wa moyo, aliyekuwa amekwama nyuma ya malori huko Quillacollo, na kwa maelekezo yake sindano ya kwanza ya kuzuia damu kuganda ikachomwa adhuhuri hiyo.

Alilazwa zaidi ya wiki, akiwasumbua wauguzi. Msimu wa mvua ulipoanza akapigwa picha tena, na bonge lilikuwa limeyeyuka. Kovu lilibaki, kwa kuwa kovu haliendi popote. Akarudi kufundisha, akazitia picha zake kati ya picha za masomo baada ya kufuta jina. Wanafunzi wapya walipoulizwa kama mgonjwa huyu bado yuko hai, wengi walisema hapana, naye akawasikiliza hadi mwisho huku amekunja mikono.

Jina la Bonge halikumtoka Limbert, na wiki chache baadaye alikosea tena, kwenye moyo wa mtoto, akarekebishwa mbele ya wote. Usingizi wake haukuwa mzuri. Lakini kabla ya hayo yote, siku malori yalipoondoka madarajani, alikuwa amepanda basi la kwanza kwenda Mizque, kwa mama yake, ambaye nyumba yake ilikuwa na paa la nyasi mpaka Limbert alipofikisha umri wa kwenda shule. Alimkuta anamenya viazi uani. Mama akataka kumwekea chakula. Limbert akasema atakula baadaye. Kwanza ajifunge shali, waende zahanati wakapimwe damu wote wawili.

"Naumwa nini?" mama akauliza.

"Sijui bado, mama," Limbert akasema, akamsaidia kuinuka.